Mwanarusi na Mkunga Kutoka Kinango

Boga alipooa mke wa pili, mkewe wa kwanza, Mwanarusi, alikoroga mchuzi wa harusi kwa mikono yake mwenyewe, akampokea mke mwenzake Mwanaima mlangoni kwa vigelegele, na usiku akalala usingizi wake wa kawaida. Watu wa Msambweni walilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu. Wengine walisema mwanamke yule hana moyo, wengine wakasema ana moyo mkubwa kupita kiasi. Mwenyewe alisema tu kwamba Mwanaima ni mtoto wa watu, hana kosa, na kwamba shughuli za nyumba ile zilikuwa zimeanza kumshinda peke yake.

Kwa hiyo wivu ulipomshika, tena yu mtu mzima mwenye binti wa kuolewa, hakuutambua. Alidhani ni kiungulia.

Ulimshika kazini. Katikati ya miaka ya hamsini, Mwanarusi alikuwa aya katika hospitali moja ndogo ya wazazi, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Maaya ndio waliokuwa wakifua shuka, wakichemsha vyombo, wakiosha vichanga, wakiwageuza wagonjwa wasiojiweza na kuwashika mikono wenye uchungu. Yeye aliianza kazi hiyo wakati hospitali ni banda la makuti lenye vitanda vinne, na wanawake wa vijijini wanaikimbia kama wanavyoikimbia jela. Alikuwa akiwafuata majumbani, akikaa nao mkekani, akila chao, mpaka mmoja akakubali kuja, na baada yake wa pili, na baada yao wakawa hawahesabiki. Sasa palikuwa na wodi ndefu ya mabati, chumba cha kuzalia, na ukumbi wa mawe wa wagonjwa wa nje. Maaya nao walikuwa wameongezeka, na kila walipokwama walimwendea Mwanarusi. Hakuwa na cheo. Hakuna aliyempa, wala yeye hakuomba. Alikuwa akingoja.

Tena alikuwa na tabia moja: mbele ya wakubwa ulimi wake ulikuwa ukikauka. Daktari akiingia, Mwanarusi aliangalia sakafu. Sista, yule mama wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wa wauguzi, akiuliza ni nani aliyemtuliza mgonjwa fulani usiku kucha, Mwanarusi alikunja shuka na kusubiri wenzake wamtaje. Mara nyingine walimtaja, mara nyingine walisahau. Alilelewa kuamini kwamba anayejitaja hana adabu. Kazi ikiwa nzuri, alisema, mwenye macho ataiona.

Basi katika kiangazi kimoja, gari la hospitali likarudi kutoka Mombasa na msichana mwembamba, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni jeupe na viatu vyeupe vya kufunga kamba. Sista akawakusanya wote barazani.

"Huyu ni Dama," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Amesoma ukunga. Kuanzia leo yeye msimamizi wa wodi na maaya wote."

Mwanarusi alihisi kitu kikimpanda kutoka tumboni hadi kooni, kikakwama hapo. Kumbe kilikuwapo cheo. Kumbe mahali palipokuwa wazi miaka yote ile hapakuwa pakimngoja yeye.

Dama alizunguka akimwamkia kila mmoja. Alipofika kwa Mwanarusi alipiga magoti kidogo, kama afanyavyo binti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi. Nimeambiwa wewe ndiwe uliyewaleta wanawake hospitalini. Natumai utanifundisha."

"Marahaba," alijibu Mwanarusi.

Tangu siku hiyo, jicho lake halikutulia. Alimwona Dama akitembea, akaona anajishaua. Alimwona akicheka na maaya, akaona anajipendekeza. Alikichukia hata Kiswahili chake. Dama alikuwa Mduruma wa Kinango, na alipokuwa na haraka maneno yake yaliegemea kwao, na Mwanarusi alikuwa akiyarudia jikoni kwa kuyapindua, maaya wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alivichukia viatu vile kuliko kitu chochote. Alijiuliza huyu mtu anavifanyaje visiingie tope, na siku moja alipoona doa la damu juu ya kiatu cha kushoto alikwenda nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Asubuhi yake vikawa vyeupe tena.

Nyumbani nako hakukumpa nafuu. Boga alikutana na msimamizi mpya dukani, akarudi na sifa.

"Mkubwa wenu ana heshima," alisema, huku akimenya muhogo. "Aliniamkia na kuniuliza hali ya mguu wangu. Nani alimwambia nina mguu mbovu?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mwanarusi. "Nyinyi ni marafiki sasa."

Boga akanyanyua uso, akamtazama mkewe kwa mshangao. Hata siku ile alipomwambia kwamba ameposa mke wa pili hakujibiwa kwa sauti kama hiyo. Binti yao Mwanasha, aliyekuwa akisuka ukili pembeni, akauliza kama ni kweli Dada Dama alisoma Mombasa, na kama msichana wa Kidigo naye anaweza kusomea kazi ile. Mwanarusi akamwambia anyamaze asuke.

Dama alileta desturi mpya. Kila asubuhi, wa zamu ya usiku wakiwa hawajaondoka na wa mchana wameshafika, aliwasimamisha wote mwisho wa wodi na kumwuliza kila mmoja: umeona nini? Mwanzoni maaya walitazamana. Wao walikuwa wamezoea kuambiwa, si kuulizwa. Kisha Kanze, mdogo wao kuliko wote, akasema kwa woga kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili hali chakula, anampa mtoto wa jirani. Dama hakumkemea mtu. Alisema, "Ahsante, Kanze, mimi nisingeliliona hilo," akaenda kukaa na yule mgonjwa. Kumbe mama wa watu alikuwa ameambiwa na mwenzake kwamba chakula cha hospitali kimetiwa dawa ya kufunga kizazi. Waliyamaliza kwa mazungumzo. Kanze alikuwa amenyoosha shingo siku nzima, na siku zilizofuata Mapenzi na maaya wengine nao wakaanza kusema.

"Nawe, Bi Mwanarusi, umeona nini?"

"Hamna."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kila siku. Hamna. Naye ndiye aliyekuwa akiona kuliko wote. Aliona mzazi anayelia kwa siri, aliona kibofu cha mgonjwa kimejaa kabla mwenyewe hajasema, aliona beseni lililopasuka. Alivishughulikia vyote kimyakimya, peke yake, maana kuwaacha wagonjwa wateseke asingeweza. Lakini kuvisema pale, kuviweka mkononi mwa Dama kama mtu anayetoa kodi, roho yake ilikataa. Akikitaka kiti, na akikalie bila mto wangu. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Mara moja Dama alimfuata sehemu ya kufulia.

"Bi Mwanarusi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Naomba uwafundishe hawa wapya jinsi ya kumgeuza mama aliyepasuliwa. Mimi nikiwaonyesha wanaogopa. Wewe wakikutazama wanaelewa."

"Msimamizi ni wewe," alisema Mwanarusi, akikamua shuka kwa nguvu hata maji yakamrukia Dama kifuani. "Mimi ni aya tu."

Dama alisimama kidogo, maji yakimchuruzika, akaondoka. Mwanarusi alifurahi kwa muda wa shuka mbili hivi. Ya tatu aliikamua huku anajisikia vibaya, na hilo nalo akamkasirikia Dama.

Masika yakaingia. Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, bati moja upande wa mwisho wa wodi, juu ya kitanda cha ukutani, likawa linagonga. Lilikuwa si la kelele, ni tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Mwanarusi alilisikia akiwa anafagia. Alisimama na ufagio wake, akatazama juu, akajua misumari imelegea. Kwenda kupanda juu ya paa hakuweza. Hilo lilikuwa jambo la kusema. Asubuhi Dama akauliza. Mwanarusi akasema hamna. Na asubuhi iliyofuata, hamna. Alijiambia kwamba mwenye masikio na asikie.

Siku ya mkasa, Daktari na Sista walikuwa wameondoka alfajiri kwenda Kwale kwa mkutano. Mvua ilikuwa imeanza kabla yao na haikukatika. Ilipokaribia adhuhuri, Baya, dresa aliyewafunga vidonda wagonjwa wa nje, alikuja mbio huku amejifunika gunia. Mtu aliyetoka upande wa Gazi alikuwa amepitisha habari kwamba mto Mkurumuji umepanda juu ya daraja, hakuna gari linalovuka, na wazee wa kule wanasema hautashuka leo wala kesho.

"Basi tuko wenyewe," alisema Dama. Alisema kwa utulivu, na Mwanarusi akauonea gere hata utulivu huo.

Wodini mlikuwa na wazazi wanane na vichanga vyao. Chumba cha kuzalia kilikuwa na wawili wenye uchungu, mmoja wa Milalani ambaye alikuwa amekaribia, na mmoja wa kijiji cha Shirazi, mimba yake ya kwanza, ambaye tangu jana alikuwa akihangaika. Barazani walijazana jamaa waliokimbia mvua: mama wakwe, mashemeji, waume wenye aibu za waume. Dama alikuwa akienda huku na huku kati ya wodi na chumba cha kuzalia, viatu vyake vimelowa.

Upepo ulikuja kwa mkupuo mmoja. Bati likagonga, likagonga tena kwa kishindo, kisha likang'oka na kulichukua la pili na la tatu, na mvua ikaingia wodini kama imemwagwa kwa debe. Wanawake wakapiga mayowe. Mmoja aliruka kitandani akamdondosha mwanawe juu ya godoro, akamwokota, akamdondosha tena. Jamaa wa barazani wakasukumana mlangoni, kila mmoja akiliita jina la mtu wake, wanaume na wanawake, na waliokuwa wakitaka kutoka hawakuweza kutoka. Chumba cha pili yule wa Shirazi akawa analia, "Mayo! Mayo we!" akimwita mama yake kwa lugha ya kwao.

Kanze alimkimbilia Dama. "Dada Dama, tufanyeje?"

Dama alikuwa amesimama katika mlango wa chumba cha kuzalia. Alifumbua kinywa, lakini hakikutoka kitu. Macho yake yalikwenda kwenye tundu la paa, yakaenda kwa wenye uchungu, yakarudi kwenye paa. Mikono aliishika mbele yake kama si yake.

"Dada Dama!"

Mwanarusi alikuwa karibu na kabati na mzigo wa shuka mikononi. Aliona yote. Na furaha ikamjia, furaha tamu kabisa, ya kumpanda mpaka kwenye ncha za vidole. Haya, na wamwone sasa. Na Sista angalikuwapo aone. Yuko wapi yule wa kusema 'ahsante, Kanze'? Aliionja furaha ile, kisha akainua macho kutazama maji yanakoingilia, akaona ni wapi. Ni pale pale juu ya kitanda cha ukutani. Ni bati lile.

Furaha ikamgeukia mdomoni, ikawa chungu.

Akaziweka shuka mahali pakavu. Akavuta pumzi, na akatoa sauti ambayo hospitali ile haikuwahi kuisikia, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Nyamazeni nyote!"

Wakanyamaza. Hata vichanga vilionekana kama vimeshtuka.

"Wewe mwenye kikoi chekundu, na wewe mwenye ndevu. Shikeni kitanda hiki, mkipeleke ukumbi wa mawe. Msikiinamishe. Kanze, wewe beba watoto, mmoja mmoja, kila mtoto na kitambaa chake cha mkononi, usiwachanganye. Mapenzi, nenda ukumbini, sogeza mabenchi ukutani. Baya, moto. Nataka maji ya moto kule kabla kitanda cha pili hakijafika."

Hakusema tusaidieni wala fanyeni haraka. Alimtaja mtu, akampa jambo moja, akahamia kwa mwingine. Na aliyepewa jambo moja alilishika kama mtu aliyetupiwa kamba.

Mama mkwe mmoja akazuia kitanda cha mkaza mwanawe. "Wanaume hawatambeba huyu! Ametoka kuzaa jana, hajajisitiri!"

Wakati mwingine maneno hayo yangelizua ubishi mrefu. Mwanarusi alivua kanga yake ya kichwani na kubaki kichwa wazi mbele ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Shika ncha hii, mama. Wewe nawe shika ile. Leteni na zenu. Tutamzungushia kanga pande zote, wanaume watabeba miguu ya kitanda tu, hawatamwona hata kucha. Haya, bismillahi."

Wakamzungushia. Kitanda kikaenda mvuani kikiwa kama kijichumba chenye maua, na mama mkwe yule akatembea mbele akifungua njia kama askari.

Ndipo Mwanarusi akamwendea Dama. Alimkuta pale pale.

"Siwezi, Bi Mwanarusi," Dama alinong'ona. "Wote wawili kwa pamoja, na paa, na watu..."

"Paa si lako. Paa ni langu mimi," alisema Mwanarusi, na yeye peke yake ndiye aliyejua uzito wa neno lile. "Na watu ni wangu. Wewe una wanawake wawili tu. Yupi aliyekaribia?"

"Wa Milalani."

"Basi una mmoja. Nenda kwa wa Milalani. Yule wa Shirazi nitamshika mimi. Akibadilika nitakuita, na nikikuita utakuja."

Dama akatazama mikono yake, akaenda kuinawa. Mwanarusi aliona mabega yake yakishuka mahali pake, na sauti yake aliyoijua ikarudi, ikimwambia mama wa Milalani avute pumzi asisukume bado.

Mtoto wa Milalani alizaliwa mvua ingali inanyesha, wa kiume, mwenye hasira. Yule wa Shirazi alihangaika mpaka alasiri ikaisha. Mwanarusi alikaa nyuma ya mgongo wake, akamkanda kiuno, akamzungumzia habari za kwao, za ndugu zake, za chochote, na alipoona uso wa mgonjwa umebadilika akaita mara moja tu. Dama alikuja. Mtoto alitoka amenyamaza, rangi si rangi. Dama alimsafisha koo, akampulizia, akampiga nyayo, akampulizia tena. Walipokwisha kukata tamaa wote isipokuwa yeye, kitoto kile kikakohoa, kikalia kilio chembamba kama cha paka. Mwanarusi aliinamisha kichwa kwenye ukuta akasema alhamdulillahi. Yeye asingeweza kufanya vile. Alilijua hilo, na kulijua hakukumuuma kama alivyotarajia.

Magharibi Mwanarusi na Dama waliketi kwenye ngazi za ukumbi wa mawe, chai ya tangawizi mikononi. Ndani wazazi walikuwa wamelala wakibanana. Dama alikuwa amevua viatu.

"Kila asubuhi, kabla sijawakusanya, huwa natapika," alisema ghafla.

Mwanarusi akageuka.

"Kweli. Nakwenda nyuma ya jiko, natapika, nasukutua, ndiyo naja. Naogopa kusema mbele ya watu tangu nilipokuwa mdogo. Na ninayemwogopa zaidi ni wewe. Ukisema hamna, najua ipo, na najua huniambii."

Mwanarusi alikunywa chai ingawa ilikuwa inaunguza. Miezi yote ile alikuwa akiutamani ujasiri wa msichana huyu kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi wa jirani, na kumbe ujasiri wenyewe ulikuwa ukitengenezwa kila siku upya nyuma ya jiko. Alitaka kusema habari ya bati. Neno lilifika kwenye meno.

"Tia tangawizi zaidi asubuhi," alisema badala yake. "Inatuliza tumbo."

La bati hakulisema siku ile, wala sijasikia kwamba alilisema baadaye.

Maji yalipopungua, Daktari na Sista wakarudi, gari limejaa matope hadi madirishani. Walizunguka, wakaona wodi iliyo wazi juu, wakaona ukumbi uliopangwa, wakawaona wazazi wote na watoto wote hai. Daktari akawakusanya maaya barazani. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alisema mengi. Alimsifu Dama kwa akili yake, kwa uongozi wake, kwa jinsi alivyohamisha wodi nzima katika tufani bila kumpoteza hata mmoja. Sista akadakia, akaongeza zake. Dama alikuwa ameinamisha kichwa. Alijaribu kusema neno, "Bwana Daktari, lakini...", na Sista akamshika bega akimwambia asione haya.

Wivu ulimrudia Mwanarusi pale pale, mzima, na meno yake yote. Aliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Kesho habari itafika Kwale, keshokutwa Mombasa, na katika habari hiyo yeye hatakuwamo, kama hakuwamo katika habari ya banda la makuti. Atakunja shuka, atangoja, atakufa anangoja. Alimtazama Dama, akaona kwamba safari hii hata kumchukia hakumsaidii. Si Dama aliyemziba mdomo. Mdomo ulikuwa wake.

"Bwana Daktari," akasema.

Wenzake waligeuka. Baya alidhani amekosea kusikia.

"Bwana Daktari, Dama amezalisha wawili peke yake, na mtoto wa Shirazi yu hai kwa mikono yake. Hilo ni lake." Safari hii hakuangalia sakafu. "Lakini aliyehamisha wodi ni mimi. Mimi ndiye niliyewapanga watu, mimi ndiye niliyewagawia kazi, na kanga zilizowasitiri wazazi zilianza na yangu. Nimeona niseme, kwa sababu hamkuwapo."

Mwanarusi alihisi uso wake unawaka moto. Sista alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeongeleshwa na kabati.

"Ni kweli," alisema Dama haraka. "Kila neno. Nilikuwa nangoja mmalize niseme."

Pengine alikuwa akingoja kweli. Mwanarusi hakuwahi kujua kwa yakini, na kwa miaka mingi, akiwa na hasira, aliamini moja, na akiwa na furaha aliamini lingine.

Daktari alimtazama yule mama mnene aliyekuwa akimpita kila siku mlangoni. "Unaitwa nani?" aliuliza, na mara akaona haya kwa swali lake, maana mama huyo alikuwa pale kabla yake.

"Mwanarusi binti Sefu."

Akamshika mkono.

Huo haukuwa mwisho wa wivu, kama wengine wanavyopenda kusimulia. Mwanarusi aliendelea kumkatia Dama jicho siku mbaya, na kumwiga Kiswahili chake jikoni, ingawa sasa aliweza kufanya hivyo mwenyewe akiwapo, naye Dama akamjibu kwa kumwiga anavyotembea. Lakini asubuhi walipokusanyika alisema alichokiona. Aliyasema mengi mno, hata Kanze akawa anahema kwa kuchoka kusikiliza. Aliwafundisha wapya kumgeuza mgonjwa. Na paa lilipokwisha kuezekwa upya, ni yeye aliyemsimamia fundi, akimwamuru agongomee misumari mara mbili pasipohitajika hata mara moja.

Baada ya mwaka hivi, ikasemwa kwamba itajengwa wodi ya pili, ya wazazi wenye matatizo waliotoka mbali, na kwamba itahitaji msimamizi wa maaya. Mwanarusi hakungoja. Alivaa buibui lake jipya, akaenda mpaka ofisini kwa Sista, akagonga.

"Naitaka kazi ile," alisema. "Naiweza."

Sista akamwuliza kama anajua kusoma. Akasema anasoma Kurani, na namba anazijua, na yaliyobaki binti yake atamfundisha kwa barua, kwa kuwa Mwanasha alikuwa anaondoka mwezi ujao kwenda kusomea ukunga na hangekosa la kumwandikia mama yake. Sista alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Alimpa.

Boga aliposikia alimnunulia mkewe doti ya kanga. Mwanaima alimpikia samaki wa kupaka, wakala wote watatu uani.

Dama naye aliitwa kurudi Mombasa, kwa cheo kikubwa zaidi. Siku ya kuondoka, maaya wote walitoka barabarani kumuaga. Alikuwa na sanduku jipya la ngozi, na viatu vingine, vyeupe kuliko vile vya kwanza, na Mwanarusi alipoviona kiungulia chake kilimwamkia kama jamaa wa siku nyingi. Basi likasimama. Dama akapiga magoti kidogo, kama siku ile ya kwanza.

"Utanikumbuka, Bi Mwanarusi?"

"Nitakukumbuka," alisema Mwanarusi, akimsaidia kuinua sanduku. "Lakini si kila siku."

Dama akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapanda. Wengine walisimama wakipunga mikono mpaka basi likapotea kwenye kona. Mwanarusi alipunga mara moja, akageuka, akarudi wodini kwake, maana kulikuwa na mgonjwa wa Vanga aliyeletwa asubuhi, naye Mwanarusi hakuipenda rangi ya midomo ya mgonjwa huyo.